Ukuta wa Zahanati Tulioubomoa Mara Tatu

Baba yangu,

Shikamoo. Nimesimama kwenye ujenzi tangu asubuhi, na mafundi wamenichosha hadi nimekukasirikia wewe, ambaye huwezi hata kunijibu.

Unaikumbuka ile zahanati ya Kanazi, miaka ya wakimbizi? Akina mama walikuwa wanajifungulia chini ya turubai, na kila aliyepita aliuliza wodi itaisha lini. Wewe ulikuwa msimamizi, mimi nikimwagilia kuta maji. Kila jioni ulikuja na msumari, ukakwangua kati ya tofali na tofali. Saruji ikimomonyoka kama unga, ulisema neno moja tu: "Bomoa." Ukuta uleule ulibomolewa mara tatu. Maji niliyoyapandisha kutoka bondeni yakapotea bure mara tatu.

Nestori, fundi aliyekimbia kutoka Burundi, ndiye aliyethubutu. Alivua kofia, akasema taratibu, "Mzee, tukague wakati tunachanganya. Ukuta ukishasimama tumechelewa." Akakuonyesha sanduku la mbao alilolipigilia mwenyewe, la kupimia mchanga, maana kila mtu alikuwa anajaza koleo anavyojua yeye. Ukamwambia akusanye vifaa vyake aende.

Kesho yake uliagiza mchanga upimwe kwa sanduku lake. Ukuta ulipojengwa mara ya nne, haukubomolewa. Wodi ikafunguliwa, wakubwa wakakupa mkono, na jina la Nestori hukulitaja. Lilikukwama wapi, Baba?

Hasira hiyo nimekuja nayo hadi huku Nyamahanga, ambako sasa nasimamia ujenzi wa madarasa. Kila asubuhi naanza kukagua kwenye mchanganyiko, na mafundi wananiita mkorofi. Wiki iliyopita nilimlalamikia mama habari zako. Akanishangaa. Akasema ulikwenda kambini Jumapili tatu mfululizo kumtafuta Nestori, mwishowe ukaambiwa amehamishwa na hakuna anayejua wapi. Ukamkataza mama asituambie.

Sasa ndiyo umenichosha kabisa. Ulificha kosa, na kujuta nako ukakuficha! Sisi wanao tungejifunzia wapi?

Leo fundi mmoja amenipinga mbele ya wote kuhusu msingi, na alikuwa sahihi. Nilisikia ulimi unakuwa mzito, ulimi wako huo. Nikamwambia palepale, kila mtu akisikia, "Nimekosea. Tufanye unavyosema." Kisha nikaenda nyuma ya lundo la mchanga nikalia, sijui kwa ajili yangu au kwa ajili yako.

Pumzika, Baba. Bado nimekukasirikia.

Binti yako mkubwa