Mtoto wa Shangazi Evodia

Mtumba, 3 Machi 2024

Mama, shikamoo.

Natumaini mguu umepata nafuu na mpunga unaendelea vizuri. Sisi wazima. Naandika badala ya kupiga simu kwa sababu jambo lenyewe linanitia aibu, na simu yako unaiweka sauti kubwa.

Yule fundi wangu wa plasta, Sostenes, uliyemlisha Krismasi, ni Mrundi na hana kibali cha kazi. Nilijua tangu namwajiri. Sasa maofisa wa uhamiaji wanapita kwenye majengo, na mwajiri naye anashtakiwa: faini au jela. Naomba uende kwa mtendaji wa kijiji akuandikie barua ya utambulisho, kwamba Sostenes ni mtoto wa marehemu shangazi Evodia, mzaliwa wa hapo Bahi. Wewe ni mzee wa kanisa, hatakuuliza mara mbili. Ukimaliza kusoma, hii ichome.

Mwanao,
Gerson

Bahi, 10 Machi 2024

Mwanangu Gerson, marahaba.

Mguu unauma lakini natembea. Barua hiyo hapo, anakuletea Luka wa bodaboda. Mtendaji hakuniuliza hata mara moja. Alinipisha kiti chake, akagonga mhuri.

Wifi yangu Evodia alililia mtoto mpaka anaingia kaburini, nami nimekwenda kumpatia mtoto ofisini. Leo kanisani sikukaa benchi la wazee, nilisingizia kichwa. Nimefanya kwa ajili yako, na kwa Sostenes pia, maana alinizibia nyufa za nyumba nzima akakataa malipo. Mshughulikie kibali haraka, usikawie.

Mama yako

Dodoma, 30 Aprili 2024

Mama, shikamoo.

Nisamehe kwa kunyamaza. Watoto hawajambo, mimi sijambo kwa kusema tu.

Maofisa walikuja wiki tatu zilizopita. Mmoja alisoma ile barua, akamsalimia Sostenes kwa Kigogo cha huko kwetu. Sostenes akabaki anatabasamu. Wakanigeukia mimi. Nikasema alinidanganya, barua alikuja nayo mwenyewe. Alikuwa amesimama palepale, mwiko mkononi, na hakunibishia.

Sasa yuko mahabusu, anashtakiwa pia kwa barua ya uongo, na mimi nimeandikwa shahidi. Kesi ni Jumatatu, tarehe 13 Mei. Kibali sikukishughulikia, nilikuwa nasubiri jengo liishe. Mama, wakija kukuuliza, sema humfahamu. Naona aibu kuandika hivi, ila wajukuu zako wananitegemea.

Mwanao,
Gerson

Bahi, 6 Mei 2024

Mwanangu Gerson, marahaba.

Mguu usiuulize, utanifikisha. Barua yako nimeisoma mara tatu nikitafuta mahali umemtaja Sostenes kama mtu anayekula na kulala. Sikupaona. Nikajiona na mimi sina la kukusema, maana uongo huo niliupeleka kwa miguu yangu.

Ijumaa nilimrudia mtendaji, nikamwambia nilimdanganya. Safari hii hakunipa kiti. Nilisimama mpaka akamaliza kuandika maelezo yangu.

Jumatatu ijayo nitapanda gari la asubuhi, nikae benchi la mbele mahakamani. Ile barua yako ya kwanza sikuichoma. Nitakuja nayo kwenye mkoba. Ukisema ukweli mwenyewe, haitatoka humo. Ukirudia yale uliyowaambia maofisa, nitasimama mimi.

Nimemfulia Sostenes shati alilolisahau hapa Krismasi. Nitamletea alivae.

Mama yenu, wewe na yeye