Kaa, Mama

Nyumbani, Ogembo
Jumanne jioni

Kwako Kaka Obwocha,

Nakusalimu kwa upendo, ingawa leo upendo wangu una hasira ndani yake na sitaki kukuficha. Natumaini joto la Mombasa halijakuchosha, na lile jino lililokuwa likikusumbua limetulia. Huku mvua inanyesha kila alasiri, majani chai yamechipua vizuri, na goti la Mama linamruhusu kwenda kuchuma. Mimi niko nyumbani kwa mapumziko ya katikati ya muhula. Mwalimu wetu wa Kiswahili pale Nyanchwa amenichagua kushindana katika uandishi wa insha, nami ninajitahidi. Habari njema zinaishia hapo.

Ningekupigia, lakini mimi sina simu, ya Mama haisogelewi siku hizi, na ya mkeo siwezi kuitumia bila yeye kusikia. Amezungumza nawe kila jioni tangu Jumapili. Najua amekueleza kwamba mkeo aliwalisha akina mama wa kanisa najisi kwa hila. Amekueleza anachoamini. Mimi nilikuwepo, na maneno niliyaelewa, kwa hiyo naomba unisikilize.

Jumapili asubuhi wifi Kadzo alikuwa akipika katika nyumba yako, si kwa Mama. Boksi la barafu lilikuwa limefika kwa basi, limetumwa na kaka yake wa Kilifi. Alichemsha kaa kwa chumvi, akawapasua, akanifundisha kuchambua nyama kwa mpini wa kijiko bila kuacha kipande cha ganda. Tukaichanganya na viazi vilivyopondwa, dhania, tangawizi na pilipili, akafinyanga vidonge bapa, akavichovya kwenye yai na chenga za mkate, akavikaanga. Kwao wanaviita katlesi. Nilimuuliza kama haogopi, maana sisi Wasabato hatuli kitu cha majini kisicho na mapezi na magamba. Alijibu kwamba anajua, ndiyo maana anatumia kikaango chake, nyumbani kwake, na hana nia ya kumtilia mtu kinywani asichokitaka.

Harufu ndiyo iliyomponza. Mama Gladys, mke wa mzee wa kanisa, alikuwa amekuja na wenzake wawili wa kwaya kumwona bibi arusi. Wakasimama uani wakinusa. Mama akaita, akauliza huyu ni mkamwana wa namna gani anayepika vizuri hivyo na kujifungia kama mchawi, avilete hivyo vitu wageni wale. Wifi alisita na sahani mkononi. Mama akaita tena kwa ile sauti unayoijua. Akaenda, nami nikamfuata na birika la chai.

Mama alikuwa amesimama akipanga vikombe. Akauliza, hii ni nini. Wifi akainamisha kichwa kwa heshima, akajibu polepole, “Kaa, Mama.”

Kaka, wewe umeishi pwani, unajua huko neno hilo ni jina la mnyama. Huku kwetu lina kazi moja tu. Mwalimu anasema kaa chini, polisi anasema kaa kando. Yule mdudu wa mtoni tuliyekuwa tukimchokoza kwa vijiti ana jina lake la Ekegusii, na sidhani kama Mama amewahi kumtaja kwa Kiswahili. Kwa hiyo Mama alisikia mke wa mwanawe akimwamuru aketi, sebuleni kwake mwenyewe, mbele ya wageni.

Alijibu kwamba yeye amekuwa akikaa katika nyumba hii kabla huyo binti hajaota meno, na hahitaji kuonyeshwa kiti. Mama Gladys akacheka, akasema kumbe Obwocha hakuoa mke, ameoa mwenyekiti. Mama akaketi kwa kishindo, akachukua katlesi, akaila huku amemkazia wifi macho, kama mtu anayetafuna tusi. Akachukua nyingine. Wote wakala. Mama Gladys aliuliza ni samaki gani huyu asiye na miiba, na bila kungoja jibu akafunga moja kwenye leso ampelekee mzee.

Wifi alinigeukia akitabasamu. Maskini, alidhani wamesikia jina, wakaamua kumpokea pamoja na chakula chake.

Nilimwomba Mama tutoke kidogo tuzungumze. Akaniambia hata mimi sasa nataka kumpangia mahali pa kusimama. Nilipokuwa bado namsihi, Mama Gladys alienda nyuma ya jiko la wifi kunawa mikono, akayakuta makucha ya kaa kwenye beseni.

Walitema mate mpaka nikaona aibu kwa niaba yao. Wifi alisema, “Lakini nilikuambia, Mama.” Wote watatu wakashuhudia kwamba ndiyo, walimsikia kwa masikio yao akimwambia Mama akae. Nilileta kamusi yangu nikafungua ukurasa. Mama Gladys akaniuliza kama kitabu hicho kina kwato na kinacheua, ili na chenyewe tukile.

Tangu siku hiyo wifi haruhusiwi kuchota maji kwenye pipa la Mama. Unga anapimiwa kama mfungwa. Watoto wa jirani wakimwona wanatembea kiubavu na kufungua vidole kama makucha, na wazazi wao hawawakemei. Mama naye ameanza kumsifu Linet wa Nyamarambe, yule anayeimba sauti ya kwanza, kwamba ndiye msichana ambaye angekufaa tangu mwanzo. Anasema hivyo wifi akiwa anasikia.

Hayo yote ningeyavumilia, kwa kuwa Mama amekosea neno, na neno huelezwa likaeleweka. Lakini Jumapili jioni Mama alikupigia na akaweka sauti ya juu ili Mama Gladys asikie. Ulisema kitu kama hicho hakijawahi kupita katikati ya meno yako. Ulisema hujui mkeo ametoa wapi tabia hizo, na kwamba aondoke hapo mpaka ajifunze. Wifi alikuwa mlangoni na kuni. Aliziweka chini moja moja, zisipige kelele.

Kaka, Jumamosi baada ya jua kutua ulimpigia wifi. Alikuwa akikanda unga, kwa hiyo ni mimi niliyemshikia simu. Uliuliza kama boksi limeshaondoka Kilifi. Ulisema utafika kesho adhuhuri, ukute katlesi za kaa, kingo ziungue kidogo, na ndimu iwe nyingi kama zile anazokupikia mkiwa huko Changamwe. Halafu hukuja. Sahani iliyoliwa na akina mama ilikuwa yako.

Najua mwezi uliopita ulifanywa shemasi, na najua uliogopa. Wifi ameniapisha nisimwambie Mama. Alisema mume havuliwi nguo mbele ya mama yake. Nimeapa, na sijamwambia. Lakini kukuambia wewe sikuapa.

Mama amemkatia tiketi ya basi la kesho la Mombasa, na amesema asirudi. Nimempa wifi barua hii, anadhani ni salamu. Kwa hiyo unaposoma hapa yuko mbele yako, pengine hata begi hajaliweka. Usianze kwa kumbembeleza yeye. Mpigie Mama, weka sauti ya juu, useme unachokula na tangu lini, wifi akisikia kila neno. Mama atakasirika, tena sana. Lakini wewe ni mwanawe, atagomba mpaka achoke, na mtu aliyemzaa mwenyewe hawezi kumkatia tiketi. Akishakusamehe wewe unayekula kwa hiari, atakosaje kumsamehe aliyekupikia? Hilo ndilo tumaini langu, na nimeliombea.

Sikuletei salamu za Mama kwa kuwa hajui kwamba ninaandika. Nisalimie jirani zako, na umpe wifi maji ya kunywa kwanza, maana safari ni ndefu.

Ni mimi dada yako,
Nyamoita