Mgomba wa Mama Ndani ya Mfuko

Butembo, Mususa, tarehe 4 Februari 2024

Mudogo wangu Kyakimwa,

Bwana asifiwe. Unaendeleaje huko Beni, wewe na goti lako, na Shekinah mjukuu wetu, na hiyo mimba yake? Sisi huku tuko, tunapumua. Masikio yangu nayo yameamua kustaafu, ndiyo maana nakuandikia. Kwenye simu mimi nasema allô, wewe unauliza kama niko muzima, halafu unité za simu zinaisha.

Mathe, yule dereva wa kanisa letu, atakupa barua hii pamoja na mfuko. Usishtuke ukiubeba. Ndani kuna mtoto wa mgomba wa mama, ule aliotoka nao kwao alipoolewa Masereka, ambao kule juu kwenye baridi ulikuwa unachukua karibu miaka miwili kutoa mkungu. Nimeutoa mwenyewe pembeni ya shina. Nilichagua wenye majani membamba kama kisu, maana unaopanua majani mapema ni mvivu, una maji tu. Panga niliosha kwanza kwa dawa ya Javel, kwa kuwa ule ugonjwa wa kunyausha migomba unasafiri kwa panga kutoka shamba hadi shamba.

Shimo likufike gotini (goti lile zima, si lile linalouma). Changanya udongo wa juu na mbolea ya mbuzi. Uupande nyuma ya jiko, kama desturi yetu inavyotaka, na mkungu wa kwanza msiuuze, majirani waule. Nakuambia unayoyajua. Nisamehe kaka yako, nimefundisha biolojia maisha yangu yote na sasa wa kumfundisha umebaki wewe tu.

Umekaa Beni tangu ulipokimbia vita Eringeti mwaka wa 2021, na katika ile parcelle, kiwanja ulichopanga, sijaona kwako mmea unaofika begani. Ndiyo maana nimeutuma.

Yaya yako,
Ésaïe

*

Beni, tarehe 20 Februari 2024

Yaya Ésaïe,

Salamu kwako na kwa nyumba yote. Tuko wazima. Goti limekuwa redio yangu, linatangaza mvua kabla ya mawingu. Shekinah anakula udongo kwa siri akidhani simwoni.

Mfuko ulifika. Shekinah aliunyanyua akasema, "Babu ametuma mutoto muzito kuliko huyu wangu!" Tulicheka.

Lakini sitaupanda, yaya. Nimeusimamisha nyuma ya jiko ndani ya mfuko wake, naunywesha maji ya kuoshea mchele. Usikasirike. Hapa napanda lenga-lenga, vitunguu, maharagi, vitu ambavyo mtu anavila na kuondoka. Mgomba unapandwa na mwenye kubaki.

Wangu uko Eringeti. Niliupanda siku ya pili ya ndoa, Paulin akichimba shimo na mama yake akimcheka kwa kushika jembe vibaya. Paulin amelala kule. Vitovu vya watoto wangu wote viko chini ya ule mgomba, na cha Shekinah pia. Cha huyu atakayezaliwa kitaenda kulekule. Nimesema.

Na kuna jambo lingine ambalo wewe, na elimu yako, hulioni. Wakati wa kampeni wanasiasa walikuja hapa na fulana zao, mmoja akachukua micro akatusalimu: "Ndugu zetu muliohamia Beni." Muliohamia! Mutu anakimbia usiku na sufuria kichwani, wao wanasema amehama. Siku nikipanda mgomba hapa, nitakuwa nimewakubalia. Kule Eringeti kakao yetu inavunwa na mtu asiyejulikana. Kitu pekee nilicho nacho cha kudai ni kwamba mimi bado niko njiani kurudi.

Asante kwa zile mbegu za poireau, vitunguu vya majani, ulizotia pamoja. Hizo nimepanda.

Mudogo wako,
Kyakimwa

*

Butembo, tarehe 17 Machi 2024

Mudogo wangu,

Nakusalimu kwa jina la Bwana. Natumaini redio yako inatangaza mvua nzuri. Kwetu imenyesha mpaka kabichi zimepasuka. Viongozi wa avenue, mtaa wetu huu, wamepitisha barabara kwenye ua wangu wa maracuja, yale matunda ya pasheni. Walinipa mkono, wakaniita "mwalimu wetu", kisha wakakata. Nimebaki na maracuja mabichi kikapu kizima na heshima nyingi.

Nimesoma barua yako mara nyingi. Acha nikueleze jambo moja la mgomba. Muhindi wa shambani unazaliwa na mbegu, kwa hiyo kila mmea ni mtu mpya. Mgomba wetu hauna mbegu. Unaotoa pembeni na kuupeleka mbali ni mwili uleule, umetembea tu. Ule wa Masereka, ule wa Eringeti, huu wangu na huo ulio ndani ya mfuko wako ni mgomba mmoja. Mama mwenyewe hakuacha kuwa wa kwao kwa sababu alipanda Masereka.

Mfuko si mahali pa mgomba. Mizizi itazunguka ndani, itajisonga, na mwaka kesho utakuwa na mgomba wa umri wa mzee na kimo cha mtoto. Kuhusu wanasiasa, wao watasema umehama hata ukilala juu ya mizigo yako. Wala hawasubiri mgomba wako ili waseme.

Miaka mitatu ni mingi kukaa umeshika mkoba mkononi, Kyakimwa. Shikilia shamba lako, ni haki yako. Lakini usimfanye mtoto huyo mkimbizi kabla hajazaliwa.

Kama Beni imekuchosha, njoo kwangu. Chumba cha mbele kinapata jua asubuhi.

Yaya yako,
Ésaïe

*

Butembo, tarehe 23 Juni 2024

Mudogo wangu Kyakimwa,

Amani kwako. Aprili imepita, Mei imepita, na Mathe akirudi anashuka garini akinionyesha viganja vitupu kabla sijauliza.

Ni yeye aliyeniambia kwamba Shekinah amejifungua salama, mtoto wa kike, anaitwa Hadassa. Nimefurahi mpaka nimepanda safu mbili za karoti bila kupima kamba. Mpe Shekinah hii blanketi na hayo maparachichi. Yakiwa magumu, ayafunge ndani ya karatasi pamoja na ndizi mbivu.

Najua ni sentensi gani ilikuumiza, ile ya mtoto mkimbizi. Niliiandika nikiwa na haraka ya kuwa na haki. Unaweza kuipasua, barua nyingine ubaki nayo.

Sikuulizi habari ya mgomba. Nauliza habari zako tu.

Yaya yako,
Ésaïe

*

Butembo, tarehe 11 Agosti 2024

Mudogo wangu,

Mathe amenirudishia barua ya wiki iliyopita ikiwa bado imefungwa. Anasema, "Mama hayuko, amesafiri." Nikamuuliza, amesafiri wapi? Akaangalia tairi zake. Nimempigia Shekinah, nikasikia tu mtoto akilia na Shekinah akisema "Babu, tuombe."

Kwa hiyo najua. Umepanda gari katika msafara ule unaosindikizwa na jeshi, umekwenda Eringeti na goti lile, na kitovu cha mtoto umekifunga kwenye pindo la kitambaa chako.

Barua hii na ile iliyorudi zitakaa Beni zikikungoja. Nimeandika ili kuwe na kitu kinachokungoja.

Kila jioni kanisani tunataja jina lako. Wengine wanafikiri unaumwa. Nimewaacha.

Yaya yako anayekupenda,
Ésaïe

*

Beni, tarehe 8 Septemba 2024

Yaya Ésaïe,

Bwana asifiwe sana. Niko muzima. Hadassa ana mashavu ya baba yetu. Nimezikuta barua zako zote mbili, na ile sentensi nimeipasua nikaitia jikoni, ugali ukaiva vizuri. Sasa keti, ni ndefu.

Ndiyo, nilikwenda. Njia ilikuwa tulivu, namshukuru Mungu. Nyumba yetu haina paa. Majani yameingia chumbani. Lakini kupita nyuma, nikaona jiko jipya la miti na moshi unatoka, na mgomba wangu, yaya! Umepunguzwa vizuri, mashina matatu tu, majani makavu yamekatwa, jivu limemwagwa chini. Hata wewe usingepata cha kusahihisha.

Akatoka mama kijana na jembe. "Mama, unatafuta nani?"

"Natafuta yangu," nikasema. "Mimi ni mwenye shamba."

Akaketi chini palepale, kama mtu aliyekatwa miguu. Anaitwa Mama Ornella. Amekimbia kutoka upande wa Ituri, watu wa kwao wamekwisha. Akaniuliza polepole: "Tutoke leo ao kesho?"

Nilikuwa na maneno, yaya. Nimeyatengeneza miaka mitatu. Kabla sijayasema, akaonyesha mgomba. "Lakini pale chini kuna kitovu cha mutoto wangu. Sikujua ni ya nani. Nilitafuta tu mugomba wenye kutunzwa."

Wewe unajua desturi yetu. Mwenye kitovu chini ya mgomba wako hafukuzwi. Mama yetu hakusema ni kitovu cha kabila gani. Nikaketi pia, kwa sababu ya goti. Tukala ndizi zangu, amezipika yeye.

Asubuhi nikachukua jembe, nikafungua kitambaa, nikaanza kuchimba. Alisimama karibu, mtoto wake mgongoni.

"Mama yake uyo mutoto iko wapi?"

"Beni."

"Na mutoto?"

"Beni."

"Sasa kitovu kinakuya kufanya nini huku peke yake?"

Jembe lilikuwa limeshaingia mara tatu. Nikafikiri, Hadassa akikua, nani atamshika mkono aseme, wewe ni wa hapa? Nikarudisha udongo. Nikaomba juu ya kaburi la Paulin, nikamwambia kila kitu. Shamba ni langu na Mama Ornella anajua ni langu. Tumekubaliana mbele ya mzee wa kijiji kwamba yeye ni mlinzi wangu mpaka nitakaporudi, na kakao tutagawana. Kwa hiyo usifikiri nimeacha. Kurudi nitarudi.

Nilipofika hapa nikachimba shimo nyuma ya jiko. Mwenye parcelle akacheka: "Ee mama, kumbe unabaki!" Sasa yaya, usome hapa taratibu. Nikashika mfuko kuusogeza shimoni. Ukakataa. Nikavuta, ukakataa. Shekinah akaja, tukavuta wawili, hapana. Nikapiga magoti nikaangalia: mizizi imetoboa mfuko zamani, imeingia ardhini, sijui tangu mwezi gani. Wakati mimi bado nasema sipandi, mgomba wa mama ulikuwa umeshajipanda.

Sikuung'oa. Nilipasua mfuko kwa kisu, nikatoa vipande vyake, nikarundika udongo na mbolea kuuzunguka. Kitovu cha Hadassa nimekizika pembeni, Shekinah akimshika mtoto aone. Alipiga chafya.

Mgomba una kimo cha mtoto, kama ulivyosema. Umetoa jani moja jipya.

Shimo nililochimba limebaki tupu, na linafika gotini, lile zima. Njoo mwezi wa kumi na mbili na mche wa parachichi. Mkungu ukitoka nitahitaji majirani wa kula, na wewe nakuhesabu jirani.

Mudogo wako,
Kyakimwa