Wanakwaya Kwenye Darasa la Ngumbaru

Mwalimu wangu,

Shikamoo. Sina wa kumwambia haya, ndiyo maana nakuandikia wewe.

Darasa lako la ngumbaru hapa Akheri bado lipo. Tangu tukuzike nafundisha peke yangu, saa zile zile ulizopanga na wanafunzi wenyewe, wakishakamua na kukata majani ya ng'ombe. Lakini kesho wanakuja wakaguzi wa halmashauri kuamua kama liendelee au lifungwe.

Mtendaji wetu mpya wa kata si mtu mbaya, anaogopa aibu tu. Ameagiza bibi yetu Koko Anasia na wazee wenzake wabaki nyumbani kwa sababu wakisoma wanakwama. Kwenye madawati yao wakae akina mama wa kwaya, ambao shule walimaliza zamani, wajifanye ndio wanafunzi. Jana walifanya mazoezi. Ungecheka, Mwalimu. Walipoambiwa wasome ubaoni walianza wote kwa pamoja, sauti ya pili ikashika ya kwake, mstari wa mwisho wakauvuta. Mtendaji akapiga makofi. Mimi nilitoka nje nikakung'uta dasta ambayo haikuwa na chaki.

Nilimwambia kwamba wakaguzi wakiona wote wanajua, watafunga, maana hakuna wa kufundishwa. Akasema wakiona hawajui, watauliza mwalimu anafanya kazi gani. Mwalimu ndiye mimi, na cheti kama chako sina.

Unamkumbuka yule afisa aliyemuuliza Koko kwa nini hajui herufi zote? Ulikuwa umekaa benchi la nyuma, hukumsaidia hata neno. Koko akamjibu, "Ningezijua ningekuwa shambani saa hizi." Yule afisa akarudi na vitabu.

Ninakuhitaji sana. Leo nimepita nyumba kwa nyumba kuwaambia wazee waje, wakae mbele. Koko ameuliza kama mtendaji amekubali. Nimemwambia mtendaji hajui. Amenitazama, kisha akaenda kutafuta miwani yake.

Huenda kesho jioni nikaambiwa nirudishe ufunguo wa darasa. Pumzika, Mwalimu. Naogopa, ila nakuahidi: kesho kwenye dawati la Koko hatakaa mtu mwingine.

Mwanafunzi wako,
Nuru