Jirani Akiuliza Unakwenda Wapi

Shikamoo Bibi,

Baridi ya huku ingekufanya uisamehe ile ya Mbozi. Nala vizuri, nalala vizuri, ila jana nimeaibika.

Jirani yangu ni bibi wa umri wako, kila asubuhi anafagia mlangoni. Jana akaniuliza ninakwenda wapi. Nikasema moyoni, leo ndiyo leo. Darasani tunafundishwa kwamba kwa Kijapani unapanga mambo yote kwanza, kitenzi kije mwisho, nami nikampangia: "Mimi, saa tatu, kwa basi, na rafiki yangu, mpaka stesheni, ninakwenda." Sikukosea hata neno. Bibi wa watu akaacha kufagia, akatazama pembeni kama amesikia mtu akiungama dhambi.

Mara akapita mama mmoja na sanduku kubwa la safari, akaulizwa vilevile. Akajibu, "Chotto soko made," wakacheka, akaenda zake. Mwalimu wangu ananiambia maana yake ni "hapo tu."

Miezi sita nakariri Kijapani, kumbe mwalimu nilimwacha Tunduma. Wewe ndiye unayewaambia majirani "hapo tu," ukavuka mpaka hadi Nakonde, ukarudi siku ya tatu na gunia la dagaa, maelezo huna.

Leo nimejibu kama wewe. Yule bibi amenipa kiazi kitamu cha kuchoma.

Nimekukumbuka, hata kelele zako. Wakikuuliza mjukuu wako yuko wapi, usihangaike na jina la mji. Waambie nimetoka kidogo, niko hapo tu.

Atupele wako