Gauni la Bi Haraka

Nyamirambo, Kigali
9 Machi 2025

Mpendwa mdogo wangu Mwamini,

Assalaam alaykum. U hali gani huko Kigoma, na magoti yako je? Sisi wazima, alhamdulillah, ila jana limenikuta jambo. Ningepiga simu, lakini najijua, ningelia tu.

Unamjua mjukuu wetu Keza na maneno yake. Akitoka shule huja hapa kwenye cherehani yangu, tukacheza mteja. Mteja wetu ni Bi Haraka, tuliyemtunga wenyewe: anakuja na moto, ile pikipiki ya abiria, toka mtaa wa Gitega, hakai, chai hanywi. Keza anaupima upepo kwa futi, mimi nataja namba zinazonijia mdomoni, yeye anaziandika kwenye daftari la vipimo.

Sasa sikia balaa. Nizeyimana, fundi mwenzangu, aliukuta ukurasa huo na kitenge cha Mukashema, mteja wa kweli, kando yake. Akadhani vipimo ni vya Mukashema. Akakata, akashona gauni. Jana mwenyewe kaja kujaribu: kifuani linabana, mikono inapita vidole, bega la kushoto limeshuka. Akafoka, na ana haki.

Nikalichukua gauni nilitazame kosa. Yebaba we, Mwamini! Kiuno kile, mikono mirefu ile, na bega lile lililoshuka tangu alipoanguka utotoni. Ni gauni la Uwineza wangu. Miaka mitano tangu tumzike sijamtaja mwanangu mbele ya binti yake, nawe umenigombeza mpaka umechoka. Kumbe kila siku nilikuwa namtajia mama yake, kipimo baada ya kipimo, bila mwenyewe kujua.

Keza alinikuta nimelikumbatia. Akaniuliza, "Bibi, kwani Bi Haraka ni mtu kweli?"

Mtoto ana miaka saba. Ningesema nini? Nikamwambia, "Ndiyo. Ni mama yako."

Hakulia. Alichukua futi akalipima gauni upya, taratibu, hata mshono wa ndani. Kisha akauliza mama yake ana sura gani. Nikainua macho ukutani nimwonyeshe, hakuna hata picha moja. Hadi sasa naona aibu.

Msalimie sana shemeji, na mwanao Kayitesi mwambie shangazi zake wa huku wanamuulizia. Mola awalinde na awape riziki ya halali.

Na zile picha za Uwineza nilizokupa siku ya arobaini yake, nikakuapisha usinirudishie hata nikizililia. Nirudishie, Mwamini. Zote.

Dada yako anayekupenda, mkaidi aliyekwisha ukaidi,
Zulfa