Sakafu ya Bafu la Mama

Mbeya

Dada Zaina,

Shikamoo. Natumai wewe na watoto hamjambo, na miguu ya Mama imepunguza kuuma. Mimi nipo, vigae napanga kila siku, ila tangu fundi wenu anitumie picha ya bafu jipya sili nikashiba.

Mwanzoni nilicheka, sikatai. Bafu na ghala chumba kimoja! Choo cha kukaa huku, magunia ya mahindi kule, pazia la kanga katikati. Nikajua huyo ni Mama, anataka ayaone mahindi yake hata akiwa anaoga. Kisha nikauona mpera wa uani hapo dirishani, kicheko kikaniishia. Hapo mlipobomoa ukuta mkaongeza chumba ndipo lilipokuwa shimo la choo cha zamani.

Utasema lilifukiwa. Nililifukia mimi, Dada. Marehemu Baba aliniagiza nijaze mawe mpaka juu. Siku hiyo sisi wa Kang'ata tulikuwa na mechi na vijana wa Chanika. Nikalaza magogo juu ya shimo, nikaweka matete, nikatandaza udongo, nikakanyagakanyaga, nikakimbilia uwanjani. Jioni Baba akanisifu, "Leo umefanya kazi ya mtu mzima." Tangu hapo sijamwambia mtu.

Magogo yale yameshaoza. Nilipopiga simu nikasema msilitumie bafu, ulinijibu, "Wivu tu huo, kwa kuwa hukuitwa wewe." Fundi naye akasema zege ni nene. Simu yenu ni moja, ya Mama, na haitoki kwenye spika, kila neno mnalisikia wote, nikaona haya kueleza. Mama akadakia kwa furaha, "Mwanangu, sakafu yangu ina sauti! Nikitua ndoo inalia kama ngoma."

Dada, niliweka mwiko chini, nikaenda kwa tajiri wangu kuomba ruhusa. Naogopa. Na masika ndiyo hayo yanaanza.

Barua hii nampa dereva wa lori anayepita Korogwe. Mimi amenipa ruhusa tajiri kuanzia Ijumaa, nitakuja kuyajaza mawe niliyoambiwa. Mtu asiingie humo. Magunia yaacheni, yakizama yazame. Mama akiuliza, mwambie ukweli wote, anikasirikie mimi.

Salamu kwa shangazi, na kwa jirani yetu mfugaji anayemletea Mama maziwa, utazifikisha baadaye. Sasa hivi weka barua chini, nenda kamtoe Mama.

Mdogo wako,
Hamisi